Figo ya Flanka

Kwa wiki sita sikupata usingizi wa maana, na sababu haikuwa maumivu. Nilikuwa nikijiuliza kama baba yangu anajua kusema hapana.

Najua hilo linasikika kama swali la mtoto mwenye deko. Lakini kama wewe pia umeambiwa figo zako zimekufa, na mtu wa nyumbani kwenu amejitokeza kukupa yake, pengine unajiuliza jambo kama hilo na unaona aibu kulisema. Mimi niliona aibu. Sasa mambo yametulia kiasi cha kuweza kuandika, kwa hiyo naandika. Ya kitaalamu waulize wataalamu; mimi nilisomea mipango miji.

Nilimaliza chuo wakati wa kiangazi, hapa hapa Birmingham, na vuli ilipoingia viatu vikaanza kunibana. Nilidhani ni viatu. Nikanunua vingine, saizi moja juu, kwa ajili ya usaili wa kazi kule Digbeth. Katikati ya usaili nilijikuna mikono chini ya meza hadi ikatoka damu, na mama mmoja wa jopo akanisogezea karatasi ya shashi. Kazi sikupata. Nikakaa wiki mbili nikichambua nilivyoketi, nilivyocheka, nilivyotamka jina la mtaa, badala ya kujiuliza kwa nini mkojo wangu una povu kama maji ya kufulia. Nilikuwa na wasiwasi na kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kikiniua.

Mama, ambaye ni mhudumu katika nyumba ya wazee, alinitazama uso asubuhi moja.

"Naliaka, macho yamefura. Umelia?"

"Sijalia."

"Basi vaa koti."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kufikia Krismasi nilikuwa nikisafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na tangu hapo nikaacha kuhesabu siku kwa tarehe.

Viti vya chumba cha kungojea viliwekwa vikiutazama mlango wa mashine, kwa hiyo kila aliyengoja alimwona kila aliyetoka, rangi imemtoka, anapapasa ukuta. Nilikipanga upya chumba kile kichwani labda mara mia. Nilivigeuza viti vitazame dirishani. Niliondoa televisheni. Siku nyingine niliondoa hata wagonjwa.

Aliyetupima uzito alikuwa Mama Riziki, msaidizi wa manesi, Mkongo kutoka Uvira. Siku ya kwanza aliniambia, "Mafigo yako yamechoka, chérie, tutayasaidia kazi." Kwetu tunasema figo zangu, na masikio yangu yakasikia mafiga. Kwa saa nne nililala pale nikiwaza mawe matatu ya jiko la nyanya yangu kule Bungoma, nikijaribu kuelewa yanahusiana vipi na damu yangu iliyokuwa ikizunguka kwenye mipira. Nilipomsimulia baadaye, alicheka hadi akashika ukuta. Baada ya hapo hakuacha kunitania.

"Panda kwa kilo tuone. Eee! Maji mingi. Ulikunywa nini?"

"Chai kidogo tu, Mama Riziki."

"Kidogo ya wapi? Kidogo ya ng'ombe?"

Kiu ndiyo iliyonibadilisha tabia. Niliruhusiwa vikombe vichache tu kwa siku, na supu nayo ilihesabiwa, na tikiti maji pia. Nilijifunza kunyonya kipande kimoja cha barafu chenye limau hadi kiishe bila kukitafuna. Ngozi yangu ikawa nyeusi kwa namna isiyo yangu, kavu, na hedhi ikakoma bila kuaga. Kwenye mkono wa kushoto madaktari waliunganisha mishipa miwili ili sindano zipate njia, na tangu siku hiyo mkono unavuma, kama friji iliyo chumba cha pili. Baba alipenda kuinama na kuusikiliza. Sikio lake la kulia limejikunja kama kipande cha tangawizi, na lilikuwa baridi kwenye ngozi yangu.

"Injini inawaka," alikuwa akisema, kisha akaenda zake kazini Hockley, kwenye karakana anakong'arisha vyuma.

Sikio hilo lilipondwa kwenye skramu. Hapa lazima nieleze kuhusu raga, la sivyo hutaelewa kilichofuata.

Baba aliichezea Kenya kabla sijazaliwa, enzi ambazo mchezaji hakulipwa. Alikuwa flanka, jezi namba saba, na wenzake walimwita Kufuli kwa sababu akishakumbatia mtu, mtu huyo alibaki palepale. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo katika shirika la reli. Jioni mazoezi, Jumamosi mechi, Jumatatu asubuhi yuko dirishani anatoa nati na bolti huku jicho limefunga, na mkubwa wake anamuuliza tena kama alipigana baa. Kwenda ziara ya timu ya taifa ilimbidi aombe likizo. Mara moja alinyimwa, akaenda, akarudi kukuta amehamishiwa stesheni ambako treni hazikuwa zikisimama. Jezi ya taifa ilirudishwa baada ya mechi, ikafuliwa, ikamngoja mwingine. Daktari hakuwepo. Kulikuwa na bwana mwenye ndoo na sponji moja, na sponji hiyo ilipita usoni mwa wote.

Katika maisha yake ya uchezaji alifunga trai moja kwa nchi yake, na husema aliiangukia tu. Anachojivunia ni kingine: hakuwahi kutolewa uwanjani. Hata mara moja.

"Ukitoka unamwachia mwenzako nafasi," alituambia tangu nikiwa mdogo. "Na huyo mwenzako amekuwa akiombea uvunjike mguu. Tena anaombea kanisani, amefunga macho."

Februari, Mama alipokwisha kukataliwa kutoa figo kwa sababu ya kisukari, Baba aliingia jikoni na kikombe mkononi akasema, "Chukua yangu." Kama mtu anayempisha mama mjamzito kiti.

"Baba, fikiria kwanza."

"Nifikirie nini? Ziko mbili."

Machipuko yote yakawa ya vipimo vyake. Kila alichofaulu alikiandika kwenye kalenda ya friji, kwa herufi kubwa. Alianza kukimbia asubuhi kule kwetu Nechells, kando ya maghala, na suruali ya mazoezi iliyomwishia juu ya vifundo. Nilimwangalia kutoka dirishani nikaona mtu aliyeitwa tena timu ya taifa. Mama akaanza kuimba akipika, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu vuli. Nami, badala ya kushukuru, nikaanza kulala macho wazi.

Kisha Jumapili moja baada ya ibada akaja Anko Musa. Anakaa Leicester, alicheza namba nane, bega kwa bega na Baba. Hata koti hakuvua.

"Kufuli! Nasikia wanakufungua!"

"Wanatoa spea moja," Baba akasema. "Gari linabaki."

"Gari gani? Wewe ni mkokoteni."

Mama alicheka akampakulia ugali. Anko Musa akanigeukia na paja la kuku mkononi.

"Naliaka, babako si mtu wa kawaida. Tulikuwa ziara, tumecheza Jumatano. Jamaa mkubwa kama kabati akampiga goti hapa." Akajishika ubavu wa kushoto. "Kesho yake asubuhi tuko msalani, naangalia hivi, nyekundu! Kama sharubati ya zambarau. Siku tatu, mama. Nikamwambia, Kufuli, mwambie meneja. Akaniambia, ukifungua mdomo nitakuua. Jumamosi akacheza dakika zote themanini!"

"Musa, kula kuku."

"Si nakula? Themanini, na trai akafunga! Ile ile trai!"

"Musa."

Mama aliweka mwiko mezani polepole sana.

Mimi nilikuwa nimeketi kando ya Baba siku alipojaza fomu ya watoaji. Kulikuwa na swali kuhusu damu katika mkojo, wakati wowote maishani. Aliweka alama kwenye hapana bila hata kupunguza mwendo.

Jumatatu alikuja kunichukua hospitali. Nilingoja hadi tukafika kwenye taa nyekundu.

"Baba, kwenye fomu uliandika hapana."

"Fomu iliuliza mambo ya ugonjwa."

"Iliuliza damu."

"Naliaka, nilikuwa nimeumia. Kuumia si kuugua. Mgonjwa hulala. Mimi nilicheza."

Alilisema hilo bila ujanja wowote, na ndipo nilipoogopa. Hakuwa amewadanganya. Katika lugha ya maisha yake yote alikuwa amejibu ukweli: kuugua kulikuwa na kitanda na wageni wanaoleta machungwa, na kuumia kulikuwa ni kazi. Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi.

"Ukiwaambia watanitoa," akasema. "Usinitoe, mama."

Baba huniita mama akiwa na furaha tu. Na hakuwa amewahi kuniomba kitu.

Nyumbani Mama alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi wacha Mungu afanye kazi yake."

"Na kama itakayobaki ndiyo mbovu?"

"Na kama si mbovu? Unataka nikuzike kwa sababu ya mkojo wa zamani, wa kabla hata mimi sijaolewa?"

Tulikaa siku tisa bila kuzungumza, isipokuwa "chumvi iko wapi" na "kabati la juu," na mimi chumvi yenyewe siruhusiwi. Nilichora jedwali. Nikisema, nitakuwa nimempokonya mechi aliyojiandalia tangu Februari. Nikinyamaza, huenda ninammaliza kwa mkono wangu. Kulikuwa na safu ya tatu ambayo niliiandika kwa penseli kisha nikaifuta: naitaka hiyo figo. Nataka kunywa glasi nzima ya maji nikiwa nimesimama, bila kufikiria. Ikiwa umeletewa zawadi ya namna hii, nawe una safu hiyo ya tatu, wewe si mtu mbaya. Iandike kwa kalamu.

Mama Riziki aliona presha yangu imepanda, akavuta kiti. Nikamwambia yote, nikitarajia aniambie niende kwa daktari.

"Docteur si wa kwanza," akasema. "Wa kwanza ni baba. Mwambie: unasema wewe, ao nasema mimi."

"Na akikasirika?"

"Akasirike. Mutu ya hasira iko muzima."

Alhamisi nikamwambia Baba hivyo hivyo, maneno ya kukopa, sauti ikinitetemeka. Ijumaa alivaa suti ya kanisani akaenda peke yake kwa nesi mratibu wa watoaji, akasema.

Walimpiga picha. Figo yake ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia, na ina kovu. Daktari alipotuita alisema, kwa upole, kwamba picha hiyo ilikuwa kwenye ratiba tangu mwanzo na kovu lingeonekana hata kama kila mtu angenyamaza. Yaani kukosa kwangu usingizi kote kule hakukumwokoa mtu. Nilisikia uso ukiwaka. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: bado inawezekana. Wangechukua ile dhaifu na kumwachia nzuri. Huenda isinifae miaka mingi kama ambavyo ingekuwa, na kwake hatari ingeongezeka kidogo. Baba angeweza kukubali, nami ningeweza kukubali. Uamuzi ulikuwa wetu wawili.

Baba alinipiga kiwiko nilipokuwa nimekaa. "Si nilikuambia? Bado niko kwenye timu."

Kwa hiyo nikarudi nilikoanzia, safari hii bila fomu ya kujificha nyuma yake.

Hapa, kabla ya upasuaji wa namna hiyo, mtoaji na mpokeaji hukutana na mtathmini ambaye si wa timu inayowatibu, ili ahakikishe hakuna aliyesukumwa. Miadi yetu ilikuwa katikati ya kiangazi. Chumba cha kungojea kilikuwa na madirisha yasiyofunguka na viti vya kutosha watu ishirini, na sisi tulikuwa wawili. Baba alisimama akisoma tangazo la kunawa mikono. Alilisoma kana kwamba ataulizwa.

Nilikuwa na kurasa mbili za maswali mfukoni. Nikauliza lililokuwa halimo.

"Ile ziara. Kwa nini hukumwambia meneja?"

Alifuata mstari mmoja wa tangazo kwa kidole hadi mwisho.

"Nilimwambia."

"Anko Musa alisema..."

"Musa hajui. Mamako hajui. Nilimfuata meneja Ijumaa asubuhi, anakunywa chai. Nikamwambia, mkubwa, nakojoa damu. Akaniuliza, 'Unaweza kukimbia?' Nikasema naweza. Akasema, 'Basi kunywa maji mengi.'" Bado alikuwa akilitazama tangazo. "Nilifikiri ataniambia nikae."

"Ungekaa?"

"Ningekaa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilidhani ninakufa. Ningelia kama mtoto, lakini ningekaa."

Nikafikiria jinsi ambavyo tangu Februari kila mmoja wetu alikuwa amemuuliza kama anaweza. Nesi, daktari, Mama, mimi. Unaweza kukimbia? Presha inaweza? Moyo unaweza? Na kila mara alikuwa amesema ukweli.

"Unataka, Baba?"

"Nataka upone."

"Sijauliza hivyo."

Mlango ukafunguliwa, akaitwa. Aliweka tai sawa, akaingia. Alikaa nusu saa. Alipotoka aliniambia tu, "Mwanamke mzuri, anasikiliza," na macho yake yalikuwa mekundu pembeni.

Nilipoingia, yule mtathmini aliniuliza kama kuna mtu anayenilazimisha kupokea. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama naamini baba yangu anatoa kwa hiari. Nikasema ndiyo, na kwamba angeendelea kusema ndiyo hadi kwenye meza ya upasuaji, na angeomba msamaha kwa daktari akichelewa kusinzia. Kisha nikasema sitaichukua. Kurasa zangu mbili zilibaki mfukoni. Mimi ninayefikiria kila jambo mara saba, hilo nililisema mara moja, na sauti haikutetemeka. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba huenda nikangoja miaka. Nimeelewa, nikasema. Huwa nafikiria hilo kila siku, sihitaji kukumbushwa.

Akamwita Baba ndani. Alisimama mlangoni.

"Baba, nimekutoa," nikamwambia.

Akamgeukia yule mama kama mchezaji anavyomgeukia refa. "Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa," nikasema. "Ni mimi nimeamua. Nitaingia kwenye orodha, na nitaomba mashine ije nyumbani, ili nifanye kazi. Ikikuuma, nikasirikie."

Alinikasirikia. Alisema sikuwa na haki, alisema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kidogo kwa Kibukusu, ambacho hukitumia akiwa ameshindwa kabisa. Yule mtathmini hakuelewa nusu yake na hakuomba kutafsiriwa. Kisha Baba akavuta kiti kilichokuwa karibu, akaketi, akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti, na mabega yakashuka. Alikaa hivyo huku mimi nikisoma karatasi ya kujitoa mstari kwa mstari, mara mbili, kama kawaida yangu. Nikatia sahihi.

Mama aliniadhibu kwa sufuria kwa wiki tatu, zinagongwa, zinafunikwa, zinafunuliwa. Sitasema alikubali. Alisema, "Umechagua," na siku iliyofuata akanitengenezea barafu za limau.

Ili upewe mashine ya nyumbani ni lazima ujue kujichoma sindano mwenyewe. Mafunzo yalianza Jumatatu. Nilinawa mikono, nikafunga mkanda juu ya kiwiko, nikatafuta kwa kidole mahali mkono unapovuma kwa nguvu. Nesi aliniuliza kama nataka aanze yeye. Nikamwomba sindano. Baba alikuwa kwenye kiti cha wageni, na nilipoielekeza ncha kwenye ngozi aligeuza uso, akaangalia dirishani. Nikaisukuma ndani.